SIKU MOJA SHAMBANI: KIPI KITENGENEZWE KWANZA?



Wengi wenu mliingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe. Mlivuka mto Lhubiriha, mkapita Bwera, kisha mkachukuliwa kwa magari kuelekea Kasese na kwingineko. Kando ya njia hiyo, kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, kuna mashamba madogo madogo: kahawa chini ya migomba, maharage, mihogo, mahindi kidogo, mbuzi wawili watatu wamefungwa pembeni. Siku ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyatazama. Katika karatasi hii tutayatazama.

Sababu ni hii. Wenye vipande vya shamba hapa kambini hutueleza jambo lile lile kila msimu. Mtu anaamka na nia ya kupalilia, na jioni inafika hajapalilia hata mstari mmoja. Mpini umevunjika, maji yamekata tuta, mbuzi amekata kamba, jina limeitwa ofisini. Siku kama hiyo wengi huihesabu kuwa imepotea. Si lazima ipotee, lakini inabidi mtu ajue ni matengenezo yapi hayangoji, na yapi yanaweza kungoja hata wiki nzima. Wengi hukosea hapo: hutengeneza kwanza kile kilicho mkononi, huku kingine kinaendelea kuharibika nyuma ya mgongo wao.

Shamba tutakaloeleza ni la mfano. Halina mwenyewe mmoja. Limefanana na mashamba mengi ya vilima vya Bwera, kama kilomita 50 hivi kutoka mji wa Kasese. Wenyeji wa huko ni Wakonzo. Lugha yao na Kinande cha Beni na Butembo ni ndugu, na kilimo chao cha mlimani kinafanana sana na kile ambacho wengi wenu mlikiacha nyumbani. Kwa wale mliopewa ardhi tambarare zaidi, kama ile ya Kyaka II au Rwamwanja, mteremko ni mdogo, lakini maji ya mvua yana tabia ile ile.

MWEZI WA OKTOBA

Eneo hili hupata mvua mara mbili kwa mwaka: za kwanza kuanzia Machi hadi Mei, za pili kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Tuchukue siku ya mwezi wa Oktoba. Mahindi ya msimu wa kwanza yako ghalani. Maharage yana majani ya kutosha na yanadai palizi kabla hayajatoa maua. Kahawa imeanza kuwa nyekundu na inachumwa kidogo kidogo. Mihogo iko ardhini, haina haraka.

Usiku mvua kubwa imenyesha. Mama mwenye shamba alikuwa amepanga kupalilia maharage tangu asubuhi. Anapotoka nje saa kumi na mbili, anaona mambo matatu kwa wakati mmoja. Tuta la juu limekatika na maji yametoboa njia katikati ya maharage. Jembe zuri la nyumbani limelegea kichwa tangu jana. Na majani ya maharage yamelowa chapa.

Jambo la tatu ndilo linalompa nafasi. Maharage hayapaliliwi yakiwa na maji kwenye majani. Magonjwa ya madoa ya majani na maganda husafiri kwa maji. Mtu anayepita kati ya mistari akiwa amelowa huyachukua kwa nguo na mikono yake kutoka mmea mgonjwa hadi mmea mzima. Tena udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa ukiwa tope hushikana, na ukikauka huwa kama tofali. Kwa hiyo saa tatu au nne za kwanza baada ya mvua ni saa za matengenezo, na anayelazimisha palizi katika saa hizo hujiletea hasara.

Basi atengeneze nini kwanza, jembe au tuta? Wengi hukaa chini na kushika mpini, kwa kuwa mpini uko mkononi na kazi yake inafahamika. Lakini jembe lililolegea likiachwa hadi jioni litakuwa limelegea vile vile. Tuta lililokatika halibaki lilivyo. Mvua za msimu huu hupenda kurudi alasiri, na upana wa kiganja wa asubuhi unaweza kuwa upana wa mlango jioni. Mvua ya tatu hufanya korongo, na korongo halitengenezwi kwa jembe la mtu mmoja.

TUTA LILILOKATIKA

Kabla ya kurudisha udongo, panda juu ukaangalie kwa nini tuta limekatika mahali pale na si pengine. Mara nyingi utakuta moja ya mambo haya: tuta lilikuwa chini kidogo kuliko sehemu nyingine, au fuko alichimba tundu chini yake, au watu na mbuzi wamefanya njia ya kupita. Ukiziba bila kuondoa sababu utaziba tena wiki ijayo.

Fungua kwanza njia ya maji iliyo pembeni mwa shamba, ili maji yatakayokuja yapate pa kwenda wakati unafanya kazi. Halafu chonga pande mbili za pengo mpaka ufikie udongo mgumu. Udongo uliolegea haushikani na mpya. Jaza udongo kidogo kidogo, unene wa kiganja kila mara, na kila tabaka ulikanyage au uligonge kwa gogo kabla ya kuweka jingine. Upande wa chini weka mawe. Juu acha sehemu mpya iwe imeinuka kuliko tuta la zamani kwa upana wa kiganja, maana itashuka yenyewe siku zikipita. Mwisho funika kwa vipande vya majani vilivyong'olewa na mizizi yake.

Usijaze pengo kwa mabua ya mahindi, matawi au takataka. Kazi hiyo huonekana imekwisha haraka, lakini vitu hivyo huoza ndani na kuacha tundu, na maji hulipata tundu kabla yako.

Matuta yenyewe ni ya aina mbili, na majina yake ya Kiswahili yanajulikana hata kwa mabwana shamba wa nchi nyingine. Ya kwanza huitwa fanya juu: unachimba mtaro wa kama sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, na udongo wote unautupa upande wa juu wa mteremko. Ya pili ni fanya chini: udongo unatupwa upande wa chini. Fanya chini ni nyepesi kwa mgongo. Fanya juu ni nzito, lakini udongo unaoteremka hukusanyika nyuma ya tuta mwaka hadi mwaka, na shamba hugeuka ngazi zenyewe bila kuchongwa. Juu ya tuta panda mabingobingo, yaani majani ya tembo. Mizizi yake inashika udongo na majani yake ni chakula cha mbuzi.

Tuta likipindishwa kidogo tu, maji yote hukimbilia upande mmoja na kuvunja hapo. Ndiyo maana linapimwa. Kipimo hakinunuliwi. Chukua fito mbili zilizo sawa, za kama mita 2 kila moja, uzifunge pamoja juu na kuzitanua chini. Funga fito ya tatu katikati, ikiwa imelala, mpaka umbo liwe kama herufi A. Kutoka juu ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha kipimo mahali popote, uweke alama pale uzi unapogusa ile fito iliyolala. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae pale palipokuwa na wa kushoto na wa kushoto pale palipokuwa na wa kulia, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili weka alama ya tatu: hiyo ndiyo alama ya usawa. Sasa tembea ukikatiza mteremko. Mguu mmoja ukae, mwingine uusogeze juu au chini mpaka uzi uguse alama ya katikati, hapo piga kigingi, kisha endelea. Vigingi vitakuonyesha mstari ambao jicho peke yake lisingeuona. Watoto wenye umri wa kwenda shule huelewa kipimo hiki kwa dakika chache, wakati mwingine kabla ya wazazi.

Ifahamike pia tuta lina mpaka wake. Mei 2013 mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka Rwenzori, ulifurika ukaharibu Kilembe na sehemu za mji wa Kasese. Mei 2020 ulifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mito mingine ya wilaya, pamoja na Lhubiriha, ilivunja kingo zake katika siku hizo hizo. Septemba 2022 udongo uliporomoka usiku katika kijiji cha Kasika, Rukoki, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya kumi, wengi wao wanawake na watoto. Ukiona ardhi ya juu ya nyumba imepasuka mstari unaokatiza mteremko, au miti imeanza kuinama pamoja, au chemchemi iliyokuwa safi inatoa tope, hapo hakuna cha kutengeneza. Usichimbe mtaro, kwa sababu mtaro utashika maji na kuongeza uzito. Ondoka na watoto, waarifu majirani na viongozi, na jembe libaki ndani.

MPINI

Tuta limekwisha saa tatu na nusu. Sasa jembe.

Kuna desturi ya kutumbukiza jembe lililolegea katika maji usiku kucha. Mti hunywa maji, huvimba, na asubuhi jembe limekaza. Lakini mti uliovimba ndani ya chuma hujibana, na ukikauka hunywea zaidi kuliko ulivyokuwa. Kesho yake jembe limelegea kuliko jana, na siku moja kichwa kitaruka. Kichwa cha jembe kilichoruka kimeumiza miguu mingi, na cha mtoto aliyesimama nyuma ni kibaya zaidi.

Kwa jembe lenye tundu la mviringo, mpini ulio mnene upande mmoja ni bora. Upitishe kutoka upande wa juu wa kichwa ili unene wake ukwame tunduni. Ukifanya hivyo, kila pigo linakaza badala ya kulegeza. Kama mpini hauna unene huo, piga kabari ya mti mkavu, si msumari, msumari hupasua. Na mpini wenyewe uwe umekauka. Mti mbichi uliokatwa jana utanywea ndani ya wiki mbili na kazi itaanza upya. Mwenye busara hukata fito tatu siku asiyozihitaji, huziweka juu ya jiko zikauke taratibu kwa moshi, na mpini ukivunjika anao mwingine. Nyumba nyingi hapa kambini zina jembe moja tu, kwa hiyo mpini wa akiba una thamani kubwa kuliko unavyoonekana.

MSIBA, MKUTANO NA MGAO

Saa nne majani yamekauka na mama anaingia katika maharage. Saa tano jirani anapita kusema kuna msiba mtaa wa pili.

Huko Bwera kama hapa kambini, mtu haendelei kulima jirani yake akizikwa. Hatuna la kuongeza juu ya hilo na hatutaki kuliongeza. Tunachosema ni kuhusu dakika kumi kabla ya kuondoka. Magugu yaliyong'olewa yasiachwe katikati ya mistari udongo ukiwa bado na unyevu, kwa kuwa mengi yatashika mizizi tena. Yakusanywe juu ya tuta. Pigilia kijiti pale ulipoishia. Jembe lirudi ndani. Kama kuna kahawa iliyochumwa, iwekwe kivulini na isifungwe ndani ya gunia la plastiki.

Siku ya mgao, iwe ya chakula au ya fedha, na siku za kuhakiki majina, zinajulikana mapema kuliko msiba. Usipange kuloweka, kuanika wala kunyunyizia dawa siku hizo. Panga kazi inayoweza kukatwa katikati bila hasara: kuchimba mtaro, kukata fito, kukusanya mawe. Mtaro ulioachwa nusu unakungoja, lakini mahindi yaliyoanikwa hayakungoji mvua ikija.

KAHAWA NA MASHINE ILIYOKWAMA

Katika kambi ni wachache wenye kahawa yao wenyewe, lakini wengi huenda kuchuma kwa wenyeji, na kuna mambo yanayofaa kujulikana.

Zamani wakulima wengi wa Rwenzori walikausha kahawa yao nzima na ganda lake. Siku hizi vyama vya ushirika, kikiwemo Bukonzo Joint cha Kyarumba wilayani Kasese, vimewafundisha wanachama kuimenya na kuiosha, kwa sababu kahawa iliyooshwa vizuri hupata bei nzuri zaidi. Kwa kumenya hutumika mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Kahawa nyekundu iliyochumwa leo inatakiwa imenywe leo. Ikilala ndani ya gunia hupata joto na kuchachuka, na harufu ile haitoki tena.

Alasiri baba anarudi na ndoo tatu za kahawa, anazungusha mashine, mashine inakwama. Sababu ya kawaida ni jiwe dogo au kijiti. Afungue, asafishe, azungushe ikiwa tupu kabla ya kuweka kahawa. Ikiwa inazunguka lakini punje zinatoka zimekatwa, nafasi ya ndani imebana mno. Ikiwa matunda yanapita mazima, nafasi imekuwa kubwa. Bizari za pembeni zilegezwe au zikazwe kidogo, kisha ajaribu kwa konzi moja tu ya kahawa. Kumimina kahawa kwanza ndani ya ndoo ya maji husaidia: mawe huzama chini kabisa, matunda matupu huelea na kuondolewa.

Haya yote ni matengenezo ya saa moja. Tatizo huja pale baba anapokataa kushindwa na mashine. Anafungua, anafunga, giza linaingia, na kahawa imelala gunini. Ni afadhali aweke mwisho. Ikiwa saa kumi na moja mashine bado imekwama, kahawa itandazwe nzima juu ya kichanja, tabaka jembamba, na kesho ianze kupigwa jua na kugeuzwa mara kadhaa kwa siku. Itachukua wiki mbili hadi nne kukauka na bei yake itakuwa ya chini. Lakini itauzwa. Mashine inaweza kungoja fundi.

MBUZI

Wakati huo wote mbuzi amekata kamba na kula mistari miwili ya maharage ya jirani. Kamba haikukatika kwa uzee. Ilijisokota kwenye kigingi mpaka ikawa ngumu. Kigingi kikiwekewa pete ya chuma au ya waya mnene inayozunguka, kamba haisokoti.

Kwa jirani, nenda wewe kwanza kabla hajaja yeye. Hesabuni mistari pamoja mchana, kukiwa na mwanga. Mkishindwa kupatana, kijijini kuna mwenyekiti wa LC1 na kambini kuna kamati ya wakimbizi, RWC. Jambo la mistari miwili likizungumzwa siku hiyo hiyo huwa la mistari miwili. Likikaa wiki huwa la ukabila, na hilo tumeliona zaidi ya mara moja.

BOMBA LA DAWA

Hapa tunawaomba msikilize kwa makini zaidi. Bomba la kunyunyizia dawa likiziba, mtu hufungua ncha yake na kuipuliza kwa mdomo. Usifanye hivyo hata mara moja, hata kama umeiosha. Zibua kwa bua la nyasi au unywele wa mswaki wa zamani, kisha suuza kwa maji safi. Waya nao haufai kwa sababu hupanua tundu, na dawa itatoka nyingi kuliko inavyotakiwa. Bomba lisioshwe mtoni wala karibu na kisima.

Jerikani ya maji iliyotoboka inaweza kuzibwa kwa kipande cha plastiki ya aina yake kilichoyeyushwa kwa kisu cha moto, na mafundi wa sokoni hufanya kazi hiyo vizuri. Lakini jerikani au chupa iliyowahi kubeba dawa ya shamba haigeuzwi kuwa ya maji ya kunywa wala ya mafuta ya kupikia, hata ikioshwa mara kumi. Itoboe kabisa isitumiwe na mtu mwingine.

KAZI IKISIMAMA KWA WIKI AU MIEZI

Kuna kusimama kwa kazi kusikohesabiwa kwa saa. Watu wa Bwera wanakujua. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na maeneo ya Bwera, na kwa miaka kadhaa baadaye familia nyingi za milimani zililala katika kambi za waliohama au kwenye vituo vya biashara, wakipanda shambani mchana pale usalama uliporuhusu. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola, uliokuwa Kivu ya Kaskazini tangu mwaka uliotangulia, ulivuka mpaka na wagonjwa wakapelekwa hospitali ya Bwera. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa watu kwa sababu ya korona. Nanyi mna yenu.

Kwa maisha ya namna hiyo si mazao yote yanafaa sawasawa. Maharage hulisha haraka, kwa miezi mitatu hivi, lakini yakikosa mtu kwa wiki mbili wakati wa kuchuma hupasuka na kumwagika. Mihogo hukaa ardhini miezi mingi ikimngoja mwenyewe. Viazi vitamu navyo hungoja kwa muda. Kwa hiyo, hata kama mnapenda maharage, na hata kama maharage ndiyo yenye soko, tunashauri sehemu ya kila kipande iwe na mihogo.

Mhogo una masharti yake. Ukiung'oa huharibika ndani ya siku mbili au tatu, basi ng'oa ule tu utakaoweza kumenya leo. Kama umeshang'oa mwingi na umeitwa, umenye, ukate vipande vyembamba na uanike, au uufukie katika udongo wenye unyevu kivulini.

Mhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo hutolewa kwa kuumenya, kuuloweka majini kwa siku tatu mpaka ulainike, kisha kuukausha juani. Nyumba yenye njaa au yenye haraka hukata siku. Hapo ndipo hatari ilipo. Watu wanaokula mhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wiki baada ya wiki, bila maharage, samaki au nyama, wanaweza kupata ugonjwa wa ghafla wa miguu kukakamaa, na mgonjwa haponi tena kabisa. Watoto na kina mama ndio hupatwa zaidi. Ugonjwa huo huitwa konzo. Wakonzo wa Kasese hawahusiki na jina hilo: limetoka katika lugha ya Kiyaka ya kusini-magharibi mwa Kongo, ambako daktari aitwaye Trolli aliueleza kwa maandishi mwaka 1938. Umeonekana hasa sehemu ambazo ukame au vita vimefanya watu kufupisha matayarisho ya mhogo.

Kwa hiyo shikeni hili: mhogo uliolowekwa unaweza kungoja siku ya nne kama mwenyewe ameitwa ofisini, utanuka zaidi tu. Kutolewa siku ya pili haufai.

KWA WANAOFANYA LEJA LEJA

Siku yenye kukatika-katika ni ngumu zaidi kwa mtu anayefanya kazi katika shamba la mwingine. Mvua ikinyesha saa nne na kazi ikasimama, je, analipwa nusu, analipwa yote, au halipwi? Mpini wa jembe la mwenye shamba ukivunjika mkononi mwake, nani anauleta mwingine? Magomvi mengi ya malipo tunayoyasikia hayatokani na ubaya wa mtu. Yanatokana na kutozungumza asubuhi.

Kabla ya kushika jembe, ulizeni: malipo ni kwa siku au kwa kipande? Kama ni kwa kipande, kipimwe kwa hatua na vigingi vipigwe mbele ya wote wawili. Kama ni kwa siku, mkubaliane siku inaanza na kuisha saa ngapi, na mvua itahesabiwaje. Awepo mtu wa tatu anayesikia. Kwa kipande kilichopigiwa vigingi, mvua ikikatiza kazi unarudi kesho na kumalizia sehemu yako bila mabishano. Kwa sababu hiyo sisi tunakipendelea kuliko siku.

Na kama mtaro mkubwa wa kutolea maji unapita katika mashamba ya watu wengi, usimwachie mmoja. Hiyo ni kazi ya pamoja, ile ambayo wengi wenu mliijua kwa jina la salongo. Semeni na kiongozi wa mtaa wenu ipangwe siku kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya zile za Septemba.

JIONI

Saa kumi na mbili mama anarudi kutoka msibani. Tuta lilizibwa asubuhi na mvua ya alasiri haikulivunja. Mpini umekaza. Kahawa ya ndoo mbili imemenywa na iko majini, ya ndoo ya tatu imetandazwa kichanjani kwa sababu mashine ilikwama tena. Mbuzi amefungwa. Kati ya mistari kumi na minane ya maharage aliyotaka kupalilia amepalilia mitano, na kijiti kipo kwenye mwanzo wa mstari wa sita. Kesho ataanzia hapo, umande ukishakauka.